Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo, Kaunti ya Nakuru: nipimeni kwa saa, msinipime kwa macho

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Free Area.

Naandika nikiwa dukani kwa spea ninapofanya kazi, wateja wamepungua mchana huu, nikaona wacha niandike wazi kila mtu asome juu hii maneno si yangu peke yangu. Mimi ni dada wa miaka 29. Natumia kiti cha magurudumu tangu 2017, matatu niliyokuwa nimepanda ilibingirika pale karibu na Ngata, uti wa mgongo ukaumia, na kutoka kiunoni kwenda chini sisikii kitu na miguu haisongi. Na nataka kukimbiza gari. Sitaki kuketi kwa tenti niangalie, nataka kukimbiza, helmeti kichwani na namba kwa mlango.

Hii kitu ilinishika Juni 2021, ile mwaka Safari Rally ilirudi kwa mashindano ya dunia baada ya kukosa tangu 2002. Ndugu zangu walinibeba nyuma ya pikapu tukaenda upande wa Elmenteita tangu saa kumi usiku, baridi hujawahi kuona, na gari ya kwanza ilipopita nilisikia ule mlio kwa kifua kabla hata sijaiona, halafu vumbi ikatufunika wote. Nilikuwa nimekaa miaka minne nikiambiwa pole. Pole dada, pole mama, pole sana. Siku hiyo hakuna mtu aliniambia pole, wote walikuwa wanaangalia barabara. Nikaanza kuangalia mikono ya madereva kila kona, nikajiuliza mbona hii kazi nyingi inafanywa na mikono, na mikono mimi ninayo.

Mheshimiwa, hii kaunti yako ndio nyumbani kwa hii mchezo. Naivasha ni yako, Gilgil ni yako, Soysambu ni yako, ile kilima ya Sleeping Warrior dunia nzima inajua kwa televisheni ni yako. Joginder Singh aliyeshinda Safari mara tatu, 1965, 1974 na 1976, alizaliwa hapa tu jirani Kericho. Mtoto wa Nakuru akitaka kujua mbio za gari hahitaji pasipoti, anahitaji nauli ya kufika Naivasha. Sasa kwa nini mimi nikitaka kuanza kabisa, ile ya chini kabisa, autokrosi ya kuzunguka kwa kiwanja cha murram ukishindana na saa, nianze kutafuta kwa Wazungu wa intaneti?

Juu huko ndio nilisomea. Nilisoma kuhusu Nathalie McGloin wa Uingereza, alivunjika shingo kwa ajali akiwa na miaka 16 akiwa abiria tu kama mimi, hata vidole vyake havina nguvu kama vyangu, na amekimbiza Porsche Cayman kwa kutumia mikono, na baadaye FIA wenyewe, lile shirikisho la dunia la mbio za gari, wakamfanya mkuu wa kamati yao ya walemavu. Nilisoma kuhusu Alex Zanardi, alipoteza miguu yote miwili Ujerumani Septemba 2001, akarudi na BMW akashinda mbio ya mashindano ya dunia 2005. Frédéric Sausset wa Ufaransa hana mikono wala miguu, mwaka wa 2016 alimaliza mbio ya masaa 24 ya Le Mans. Billy Monger alikatwa miguu 2017 akiwa kijana mdogo, 2019 akashinda mbio kule Pau, Ufaransa. Hawa sisemi ndio nijilinganishe nao, walikuwa na pesa na timu. Nasema juu kila mmoja wao kuna siku mtu aliketi na yeye, akapima gari, akampima yeye, akamwambia hapa sawa, hapa bado, rudi urekebishe. Hiyo siku tu ndio natafuta.

Wacha nikuonyeshe tumefika wapi.

Niko na Vitz ya otomatiki, ya zamani, rangi ya blu imeanza kufifia, tulinunua na ndugu yangu kwa kuchangiana. Leseni ya kuendesha ninayo, ile ya daraja la watu wenye ulemavu, nilihangaika nayo kweli, shule ya kwanza ya udereva niliyoenda walikataa hata kunipa fomu. Kuna fundi wa kuchomelea huko Shabab, mzee mpole sana, tulimpelekea picha kwa simu akakaa nazo wiki moja, halafu akatutengenezea mkono wa chuma unaokaa chini ya usukani upande wa kulia. Ukisukuma mbele unapiga breki, ukivuta kuja kwako unaongeza mafuta. Fimbo mbili zinashuka mpaka kwa pedali zenyewe na pedali hazijatolewa, kwa hivyo ndugu yangu akitaka kuendesha anaendesha kawaida. Ilitugharimu shilingi 18,000 pamoja na chuma. Mkono wa kushoto unabaki kwa usukani, na kuna kifundo pale cha kuzungushia haraka, lakini kwa mbio hicho kifundo sikitaki kikae, ukigonga kitu usukani ukijizungusha kinaweza kukuvunja kidole ama kikuchome kifua. Kitu kizuri zaidi ni ile pete ya mafuta inayokaa nyuma ya usukani, unaifinya na vidole na mikono yote miwili inabaki kwa usukani. Hiyo bado hatujapata.

Kitu watu hawajui ni kwamba shida kubwa si pedali. Shida ni kuketi. Wewe ukipiga breki miguu yako inakushikilia bila hata kujua, mimi nikisukuma ule mkono mbele mwili wote unataka kuufuata, na kwa kona naanguka upande kama gunia. Kwa hivyo bila kiti cha mbio chenye mbavu za kando, na mkanda wa kushika mabega yote mawili na kiuno, hakuna kukimbia hapo. Tulipata kiti cha mitumba. Siku ya kwanza nimefungwa vizuri nilipiga kona kwa shamba la mjomba huko Solai, mahindi yalikuwa yameshavunwa, na kwa mara ya kwanza gari ikageuka na mimi nikabaki mahali pangu. Nililia ndani ya helmeti, sitaficha.

Na makosa tumefanya pia, nikwambie ukweli wote. Siku moja tulizunguka hapo kama saa nzima, jua kali, na sikujua mguu wangu wa kushoto umeteleza ukaenda ukaegemea pale katikati ya sakafu mahali bomba la moshi linapita chini. Nilikuwa nimevaa raba nyembamba. Mimi sisikii joto huko. Tulirudi nyumbani, tukala, mama ndio aliona usiku akinisaidia kuoga, lengelenge kubwa kama yai kwa kisigino. Ilichukua miezi miwili kupona na miezi miwili yote sikugusa gari. Tangu hapo miguu inafungwa pamoja na mkanda wa velkro chini ya magoti na kwa vifundo, navaa buti, na fundi aliweka shiti ya kuzuia joto chini. Hii ndio maana naandika, mheshimiwa. Hayo yote tumejifunza kwa kuumia, na kuna watu wanayajua tayari, yameandikwa. Kanuni za FIA za madereva, zile za kiambatisho L, zina sehemu nzima ya dereva mwenye ulemavu, kuna cheti kinaandikwa gari imebadilishwa nini na nini, kuna daktari, kuna kujaribiwa kama unaweza kutoka kwa gari. Hakuna mahali wameandika ati mwenye kiti cha magurudumu asikuje.

Hiyo ya kutoka kwa gari ndio kila mtu anauliza, na ni swali la haki, gari ikishika moto hakuna atakayengoja. Kwa hivyo tunafanya mazoezi kila Jumapili tukitoka kanisani. Tumechomelea bomba moja kwa mlango ili nizoee venye rolikeji, ile fremu ya mabomba ya chuma ya kulinda dereva gari ikibingirika, itanizuia, hiyo si ya kukimbilia ni ya mazoezi tu. Ndugu yangu anaweka godoro chini, anashika simu, anasema haya. Nazima gari. Nafyatua mkanda wa mwili, navuta velkro mbili za miguu, mkono wa kulia unashika juu ya paa kwa nje, wa kushoto unasukuma kiti, najiinua makalio yapite ile mbavu ya kiti, yapite bomba, halafu najiachilia na bega kwa godoro na navuta miguu kwa suruali, mmoja, wa pili, natambaa mpaka nifike kwa ua. Mara ya kwanza nilichukua dakika moja na sekunde 14 na mama hakuweza kuangalia, aliingia ndani. Sasa ni sekunde 19 na helmeti ikiwa kichwani. Nataka zipungue. Lakini sijui kama afisa wa usalama angesema 19 inatosha ama haitoshi, juu hakuna mmoja ameniangalia nikifanya.

Mwaka jana nilienda mahali palikuwa na usajili wa mbio za autokrosi, sitataja ni nani walikuwa wameandaa juu sitaki ugomvi. Sikuenda kuomba kukimbia siku hiyo. Nilienda kuuliza tu, mtu kama mimi anaanzia wapi, gari ipimwe na nani. Nilikuwa na video kwa simu za hayo mazoezi. Yule bwana kwa meza aliangalia kiti changu, hakuniangalia mimi, akaongea na ndugu yangu. Akamwambia bima haitakubali, halafu akamwonyesha tenti iko na kivuli, ati tutaona vizuri kutoka pale. Ndugu yangu akamwambia, lakini dereva ni huyu. Akasema pole. Hiyo dakika mbili ndio ilikuwa mtihani wangu wote. Hakuuliza gari ni gani, hakuuliza nina leseni, hakuuliza natoka kwa sekunde ngapi.

Na siko peke yangu. Kwa grupu yetu ya WhatsApp tuko saba, kuna kijana wa Kondele kule Kisumu hana mkono wa kushoto kutoka kwa kiwiko na anaendesha kuliko wengi wenye miwili, kuna mmoja wa Molo alikuwa boda akakatwa mguu chini ya goti, huyo hata hahitaji mabadiliko mengi, pedali ya mafuta ihamishwe upande wa kushoto basi. Kila mmoja amewahi kuambiwa awe navigeta, yule anaketi kando ya dereva kumwelekeza njia, ama awe wa kushika bendera. Hizo ni kazi nzuri, na kuna siku nitashika bendera kwa furaha, lakini nataka iwe nimechagua.

Sasa ombi langu, mheshimiwa, na najua leseni ya mashindano haitoki kwa ofisi yako, inatoka kwa Kenya Motor Sports Federation. Lakini michezo na viwanja vya michezo ni kazi ya kaunti, Katiba kwa Jedwali la Nne inasema hivyo, na Kifungu cha 54 kinasema tutendewe kwa heshima na tupate vifaa vya kutusaidia kushinda hiyo hali, na sheria yetu mpya ya watu wenye ulemavu ilitiwa sahihi 2025 wino bado haijakauka. Wewe ukiita mkutano watu watakuja. Mimi nikiita hawaji.

Tuitie siku moja. Alasiri moja tu, kiwanja chochote tambarare hapa Nakuru, awepo mtu wa shirikisho anayekagua magari, daktari anayeelewa uti wa mgongo, watu wa ambulensi ili nao wajifunze venye unatoa dereva ambaye hasikii miguu bila kumvunja, na saa. Kila mmoja wetu aketi kwa gari, afungwe, aambiwe toka. Anayepita aandikiwe amepita, anayeshindwa aandikiwe ameshindwa kwa nini. Mimi nikishindwa nitakubali, nitarudi kwa godoro langu, juu nitakuwa najua nafanyia nini mazoezi.

Na kama kuna pesa kidogo kwa bajeti ya vijana na michezo, usitununulie tishati. Gari moja ndogo ya otomatiki, rolikeji ya kweli iliyochomelewa kwa kipimo, kiti, mikanda, mkono wa breki na ile pete ya mafuta, ikae hapa Nakuru itumike na sisi wote kwa zamu, wa Kisumu wakuje na basi. Rolikeji ndio imetushinda, bomba lenyewe la kufaa hatujalipata na mzee wa Shabab amesema hatachomelea kitu kitakachoniua, na namheshimu kwa hilo. Pia ukumbuke choo. Nimeenda kwa mbio tatu na sijawahi kupata choo ambacho kiti changu kinaingia, nakaa bila kunywa maji tangu asubuhi, na mtu wa hali yangu kukosa maji kwa jua ni kutafuta ugonjwa wa figo.

Kama kuitisha mkutano ni mbali, basi kuja wewe kwanza. Sisi tuko hapa Jumapili yoyote kuanzia saa nane, nyuma ya lile duka, mtu yeyote Free Area atakuonyesha Vitz ya blu. Godoro litakuwa chini. Utashika simu wewe, useme haya, halafu uhesabu.

Wako,
Dereva, Free Area, Nakuru