Watoto wachanga wa Lamu wapimwe kusikia mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kipimo ambacho wazazi wengi wa Lamu hawajapata kuelezwa, nacho ni kile kinachonasa umeme mdogo unaotokea katika mshipa wa kusikia na shina la ubongo sauti inapoingia sikioni.

Huku kwetu mtoto akichelewa kusema huambiwa ana ulimi mzito, na mzazi akishuku masikio humpigia makofi nyuma ya kisogo. Mtoto akigeuka, wasiwasi huisha. Lakini huenda amegeuka kwa kuona kivuli, au anasikia kishindo cha mlango na asisikie herufi kama s na f. Katika chuo cha Kurani ninakofundisha yuko mtoto asiyeniondolea macho mdomoni; nikigeukia ubao, huwatazama wenzake ajue wamefika wapi.

Kipimo hiki hakimtaki mtoto ajibu lolote. Hupimwa akiwa amelala, baada ya kunyonya, amebandikwa elektrodi, yaani vibandiko vidogo vya kunasa umeme, kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, huku akisikizishwa milio mifupi mara elfu moja au mbili. Jibu la kila mlio halifiki sehemu moja ya milioni ya volti, nalo hufunikwa na umeme mwingine wa ubongo na misuli. Kwa hivyo kompyuta hutafuta wastani wa majibu yote, yasiyohusiana na mlio yakafutana, yakabaki mawimbi yanayojitokeza ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Si jambo jipya, kwani watafiti Jewett na Williston waliyaeleza mawimbi hayo kwa binadamu mwaka 1971.

Kipo kipimo kingine chepesi, kinachosikiliza mwangwi wa sikio la ndani, nacho kina faida yake. Hata hivyo, mtoto aliyepata umanjano mkali alipozaliwa aweza kukipita ilhali mshipa wake wa kusikia umedhurika, na hao ndio ninaowahofia zaidi.

Naiomba idara ya afya ya kaunti itenge fedha za mashine ndogo za kubebeka na kuwafunza wauguzi, ili watoto wapimwe kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na waliozaliwa nyumbani, hata wa Faza na Kiunga, wapimwe wanapoletwa chanjo ya wiki ya 6. Atakayekosa jibu achunguzwe kikamilifu kabla ya miezi 3, na kufikia miezi 6 awe amepata kifaa cha kusikia au ameanza kuzoezwa lugha ya ishara pamoja na wazazi wake.

Mwalimu wa chuo,
Langoni, Lamu