Barua ya malalamiko: kitako cha ganda mlichokikereza

Buruburu, Nairobi
9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Utambuzi wa Vitu vya Kale,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: MAGANDA MAWILI YA MIZINGA NA KOMBORA MOJA, RISITI YENU NAMBA 0417

Tarehe 3 Machi nilileta ofisini kwenu maganda mawili ya mizinga ya zama za Vita Kuu ya Kwanza, yaani vikopo vya shaba vinavyobeba baruti nyuma ya kombora, na kombora moja dogo la mazoezi. Vyote ni vitupu, havina baruti wala kiwashio hai (kile kinachoiwasha baruti), na karatasi za kuthibitisha hilo niliwaonyesha mezani. Nililipa shilingi 18,000 ili mvitambue na kuniandikia cheti kwa kila kimoja. Sikuomba kusafishiwa wala kutengenezewa chochote. Nilivichukua tarehe 26 Mei, na nilipofungua boksi nyumbani nilikaa kitini nikashindwa hata kumjibu mke wangu aliponiuliza kuna nini.

Ganda lile kubwa limekerezwa kitako.

Msiniambie limesuguliwa tu kwa dawa ya shaba. Nimekuwa fundi wa kerezo kwa miaka 34 kabla sijastaafu, na alama ya kisu naijua kama mwalimu anavyoujua mwandiko wa mwanafunzi wake. Kitako kina mistari myembamba inayozunguka kutoka katikati hadi ukingoni, kama mifuo ya sahani ya santuri. Mtu alilifunga ganda kwenye mashine, akapitisha kisu, akaondoa karibu nusu milimita ya shaba ili lisimame wima bila kuyumba. Nadhani alitaka lipendeze mnadani. Na kweli sasa linang'aa. Ila maandishi yote yaliyokuwa pale yamekwenda na vinyuzi vya shaba vilivyofagiliwa sakafuni.

Niwaeleze kilichokuwapo, maana kwa cheti mlichoniandikia sioni kama kuna aliyekisoma kabla ya kukifuta. Cheti kinasema: "Ganda la mzinga wa Waitaliano, milimita 105, Vita Kuu ya Pili." Ni kweli Waitaliano walikuwa na mizinga ya milimita 105, na ni kweli mwaka 1941 jeshi lilitoka Kenya kwenda kupigana nao Somalia na Ethiopia. Kwa hiyo naona mlivyofikia hapo: mlipima kinywa, mkapata 105, mkachukua vita vilivyo karibu zaidi katika kumbukumbu za watu. Lakini kitakoni palikuwa na taji, chini yake herufi M, alama ya jeshi la wanamaji la Kaiser, mfalme wa Ujerumani. Palikuwa pia na mwaka, 1913.

Ganda hilo, kwa kila dalili niliyoweza kuikusanya kwa miaka 19, ni la mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg au wa dada zake, meli za aina yake. Meli hiyo iliondoka Ujerumani Aprili 1914 ikaja Dar es Salaam na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Septemba 20 mwaka huo iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Unguja, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi Julai 1915, ilipopigwa na Waingereza, na mabaharia wake wenyewe wakaimaliza. Mizinga yote 10 ilitolewa majini, ikaundiwa magurudumu na ikapigana nchi kavu. Mmoja ulikuwa Kahe, Machi 1916, kusini mwa Kilimanjaro, na mmoja upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Kahe ndiko ilikofika reli ya kijeshi iliyotoka Voi kupitia Taveta. Ganda langu lilikuwa kengele ya shule karibu na Voi kwa miaka mingi. Liligongwa asubuhi na jioni na watoto ambao sasa ni wazee, na shule iliponunua kengele mpya, marehemu baba, aliyekuwa mwalimu pale, alipewa lile la zamani.

Sasa mnaona kwa nini mwaka ulikuwa na uzito. Wajerumani wa Afrika Mashariki walipata risasi za mizinga kwa njia zaidi ya moja. Kuna zile ambazo Königsberg iliondoka nazo. Kuna zilizoletwa na meli ya mizigo Rubens, iliyofika ghuba ya Manza karibu na Tanga Aprili 1915, ikapigwa na Waingereza lakini shehena yake nyingi ikaokolewa. Halafu Machi 1916 ilikuja meli nyingine, Marie, ikatia nanga Sudi kusini, na pamoja na mengine ilileta hawitza 4, mizinga ya mtutu mfupi, zenye kinywa hicho hicho cha sentimita 10.5. Ganda la hawitza ni fupi, la mzinga wa meli ni refu. Hata mtoto akiyaona pamoja atayatofautisha. Lakini kati ya ganda refu lililokuja na meli yenyewe na refu lililokuja na Rubens, jicho halitoshi, na mwaka uliopigwa kitakoni ndio pa kuanzia. La 1913 lingeweza kuwa katika ghala la Königsberg siku ile ilipong'oa nanga. Lenye mwaka 1915 lisingeweza. Sidai kwamba mwaka pekee unamaliza ubishi. Nasema nilikuwa nao, ninyi mkaukwangua.

Ninayo nakala, namshukuru Mungu. Mwaka 2011 niliweka karatasi nyepesi juu ya kitako nikasugua kwa penseli, na picha ya karatasi hiyo nimeiambatisha hapa. Lakini mnajua vizuri kuliko mimi kwamba mkusanyaji hanunui karatasi. Akiletewa ganda lenye kitako kitupu na karatasi ya penseli, ana haki ya kuuliza karatasi ile ilisuguliwa juu ya ganda gani.

Ganda la pili halikuharibiwa, lakini lilitukanwa. Cheti kinasema: "Ganda la Uingereza la ratili 18, mdomo umebanwa, limeharibika, halina thamani ya mnada." Niliomba mlitazame kwa makini na niliandika hivyo kwenye fomu yenu. Mzinga wa ratili 18, unaoitwa hivyo kwa uzito wa kombora lake, uliingia kazini 1904, kinywa chake ni milimita 83.8, na maganda yake ni ya kawaida kabisa. Mengi yaligeuzwa vyungu vya maua. Langu lina mwili huo huo wa ratili 18, kisha linapanda, linaingia ndani kwa shingo, na kinywa ni milimita 76. Niliwapimia mimi mwenyewe kwa vernia, kipimo cha kubana cha mafundi, mbele ya kijana wa mapokezi.

Shingo ile ilitoka kiwandani hivyo. Vita vilipoanza Waingereza walikuwa na mizinga michache mno ya kutungulia ndege. Wakachukua mizinga ya ratili 18, wakaitia mtutu wa ndani wa inchi 3, ili ganda kubwa lenye baruti nyingi lisukume kombora dogo la ratili 13 juu zaidi. Ili kombora dogo likae, ganda la ratili 18 lilibanwa shingo. Ndilo hilo. Mzee Mwingereza niliyemtengenezea mashine ya kusaga kule Karen mwaka 1998 ndiye aliyenipa, na alinieleza baba yake alilileta kutoka kwao. Halihusiani na vita vya huku, na sijawahi kusema linahusiana. Ila ni toleo ambalo mkusanyaji anaweza kulitafuta miaka mingi. Ganda lililogongwa na kubanwa huwa na mikunjo, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba. Hili langu, zungusha vernia popote utakapo, ni duara kamili. Mtu mwenye rula tu hawezi kulijua hilo, na nadhani rula ndiyo iliyotumika.

Kitu cha tatu ni lile kombora, dogo kuliko vyote, milimita 37, na ndilo linalonitia hofu. Kipimo hicho kina historia: mwaka 1868 mataifa yalikubaliana huko St Petersburg yasitumie makombora ya kulipuka yaliyo chini ya gramu 400, na milimita 37 ndicho kipimo kidogo kilichotosha kubeba uzito huo. Langu ni bonge la chuma tangu lilipoundwa, halina tundu la kujazwa kitu. Nililileta ndani ya mkebe nilioufunga kwa utepe na kuutia sahihi yangu juu ya utepe. Mkebe umerudi, utepe haujakatwa, sahihi yangu iko vile vile. Na cheti kinasema: "Kombora la kulipuka. Limefunguliwa, limekaguliwa ndani, ni salama."

Bwana Meneja, hapa naomba usome polepole. Hamkulifungua. Mliandika kwamba kitu mlichokiita cha kulipuka mmekikagua ndani, na hamkukigusa. Kwangu halina madhara kwa sababu nalijua. Lakini tangazo lenu mlilobandika mlangoni linawaalika watu wa Taita Taveta na kwingineko walete ofisini "mabomu ya zamani" waliyookota shambani ili yatambuliwe bila malipo. Nimesikia pia mfanyakazi wenu akimwambia mteja kwamba kiwashio kikiwa kimepigwa, basi kitu hakina hatari. Kiwashio kilichopigwa kinaeleza habari za ganda tu, kwamba lilifyatuliwa au lilijaribiwa kufyatuliwa. Kombora ni kitu kingine, lina fyuzi yake, yaani kilipuzi chake, na vilivyo ndani yake, na lililofyatuliwa likakataa kulipuka linaweza kuwa baya kuliko ambalo halijafyatuliwa. Miaka zaidi ya 100 ardhini haikulifanya liwe jiwe. Anayelikuta shambani Salaita au Mbuyuni, palipopiganwa vita vile, asiliguse wala asilipandishe matatu kuja Nairobi. Aweke alama mbali nalo, awazuie watoto, aite polisi. Liondoeni tangazo hilo leo, kabla hamjanijibu mengine yote.

Madai yangu ni haya. Nirudishiwe shilingi 18,000. Vyeti vyote vitatu vifutwe kwenye vitabu vyenu, hasa cha tatu. Mnilipe fidia ya ganda la kwanza kwa thamani itakayotajwa na mtu tutakayekubaliana, asiye wenu wala rafiki yangu. Nawapa siku 21. Zikipita kimya, nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani na picha zangu, karatasi ya penseli, na mkebe wenye utepe.

Kuna jambo moja zaidi, na kwangu ndilo kubwa kuliko fedha. Naomba barua yenye muhuri wenu itakayosema wazi: kitako cha ganda hili kilikerezwa katika karakana yenu Nairobi mwaka 2025, kabla ya hapo kilikuwa na maandishi, na hivi ndivyo yalivyosomeka. Muiandike na jina la fundi aliyeifanya kazi hiyo kama yuko tayari. Simtafutii ubaya, huenda aliagizwa tu. Nitaikunja barua hiyo niiweke ndani ya ganda. Atakayelipata baada yangu asije akadhani lilitoka kiwandani Ujerumani likiwa bila alama, akaanza kulitafutia toleo ambalo halikuwahi kuwapo.

Nimeambatisha nakala za risiti, vyeti vitatu, picha nane, na karatasi ya 2011.

Wako,
Mteja wa risiti 0417,
Fundi mstaafu wa kerezo, Buruburu