Ile chupa haikuchacha, Kaka Yona

Serralunga d'Alba, Italia, Novemba

Mama, shikamoo. Kaka Yona, shikamoo. Shemeji Mama Upendo na watoto, mbukwenyi. Amosi, usome polepole Mama asikie yote, na ukifika penye majina ya Kitaliano usiyaruke.

Kaka, sauti zako nimezisikiliza zote, hata ile ndefu ya usiku. Hela ya dawa za Mama na ada ya Upendo zimeshatoka, Shemeji aangalie simu. Hela ya mpimaji wa kukata shamba la Baba viwanja sijatuma na sitatuma. Sababu nitazisema, ila naanza na chupa, maana ndiyo iliyoniuma kuliko vyote.

Umesema mbele ya Baba Mdogo na wageni wa kipaimara kwamba ile chupa ya mvinyo niliyompa padri alete ilikuwa imechacha. Rangi nyepesi kama imetiwa maji, mdomo unakauka, chini kuna matope, na Shemeji ndiye aliyeiokoa kwa kuichanganya na soda. Ukaongeza kwamba nimekwenda mbali kupoteza ujana nikitengeneza kitu ambacho hata mlevi wa kilabuni angekitema. Kaka, ile ilikuwa Barolo, mvinyo mwekundu wa vilima hivi ninakofanya kazi, ya mavuno ya 2016, moja ya miaka mizuri kabisa ambayo vilima hivi vimeona karne hii. Niliinunua kwa mshahara wangu, na nilifunga karatasi ya maelezo shingoni mwa chupa. Nani aliing'oa ile karatasi?

Sasa sikiliza. Rangi ile ni yake. Barolo hutengenezwa kwa zabibu ya aina moja tu, Nebbiolo, haichanganywi na nyingine yoyote. Ganda la Nebbiolo lina rangi haba na hupauka mapema. Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe unaona vidole vyako upande wa pili, na kadiri miaka inavyopita ukingo unageuka wa tofali. Mnunuzi mjinga anataka mvinyo mweusi. Wa hapa wanautazama ule wekundu mwepesi, wanajua huu ndio wenyewe.

Na huo unaokausha mdomo ni ukakasi, si uchachu wa kuharibika. Unatoka kwenye ganda na kokwa, na Nebbiolo ina ukakasi mwingi kuliko karibu zabibu zote nyekundu za Italia. Mafundi wa mtindo wa zamani huyaacha maganda ndani ya mvinyo hata mwezi mzima na zaidi, yakizamishwa kwa mbao yasielee, ili kila kilichomo kitoke. Ukiunywa mchanga unashika fizi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ndiyo sababu sheria inakataza usiuzwe kabla ya miezi 38, na miezi 18 kati ya hiyo lazima uwe kwenye pipa la mti. Ule unaoitwa Riserva, wa kukaa zaidi, unasubiri miezi 62. Humo ndani ukakasi na rangi hushikana taratibu, vinakuwa vizito, vinazama. Hayo ndiyo matope uliyoyaona. Yale mashapo ni ushahidi kwamba mvinyo umekaa ukatulia, na mwenye adabu huisimamisha chupa siku nzima kabla ya kuifungua, kisha anamimina bila kuitikisa.

Ninyi mmeitoa kwenye friji, mkaifungua papo hapo, mkainywa na keki! Baridi inauamsha ukakasi na kuiua harufu. Sukari ya keki inaufanya mvinyo wowote mkavu, yaani usio na utamu, uonekane siki. Hata mimi ningeutema.

Laiti mngeuacha wazi tangu mchana. Harufu ya kwanza ni waridi, waridi lililoanza kunyauka. Halafu inakuja lami. Lami ya kweli, Kaka, ile tuliyokuwa tunainusa barabara ya Iringa ilipopita Mpunguzi, wewe ukibeba maji ya kuwauzia mafundi. Mara ya kwanza nilipoinusa kwenye glasi nililia mbele za watu, na sikuona haya. Chini yake kuna cheri, kuna tumbaku, na chupa ikizeeka sana kuna uyoga na majani ya msituni baada ya mvua. Mdomoni uchachu unakuja wima, unasafisha ulimi, na ukishameza ladha haiondoki. Unaweza kuhesabu pumzi zako na bado ipo. Mvinyo wetu wa Dodoma, ule mtamu wa sikukuu, naupenda, nimekulia nao, lakini ukishaumeza umekwisha.

Mama, kuna jambo nataka ulisikie wewe. Mwezi wa mavuno mzee mwenye kantina, nyumba ya kutengeneza mvinyo ninakofanya kazi, aliniita mezani pamoja na wataalamu wake, akanimiminia glasi mbili bila kusema zimetoka wapi. Nikanusa. Nikasema hii ya kushoto ni ya La Morra, kijiji jirani, hii ya kulia ni ya hapa kwetu Serralunga. Wakanyamaza wote, kisha mzee akacheka. Udongo ndio unaosema: upande wa La Morra na kijiji chenyewe cha Barolo ni udongo wa mfinyanzi wenye chokaa, wa rangi ya kibuluu, unatoa mvinyo laini wenye manukato ya mapema. Serralunga na Monforte ardhi ni ya kale zaidi, ina mchangamawe, na mvinyo wake ni mkali, mgumu, unadumu. Vijiji viko 11 tu vinavyoruhusiwa kuliandika jina la Barolo, na tangu 1980 mvinyo huu una daraja la juu kabisa la sheria ya Italia. Na mimi binti yako nimevitofautisha kwa pua. Nimeshapata na hati ya uonjaji ya ONAV, chama cha waonja mvinyo kilichoanzia Asti mwaka 1951. Picha yake nimemtumia Amosi, aichapishe, uitundike karibu na ya Baba. Siku hizi ufunguo wa ghala la mapipa ninao mimi, nazunguka kuyajazia mvinyo yasiingiwe hewa. Mengine, ukubwa wake, yanazidi ile stoo yetu ya mtama.

Baridi ipo, si ya kusimulia. Kidole kimepona.

Turudi kwa mpimaji. Kaka, najua Dodoma imebadilika tangu Serikali ihamie, najua watu wanagombania viwanja, na najua msimu ule wanunuzi walituacha, zabibu zikaoza kwenye matenga mbele ya macho ya Mama. Hasira yako naielewa. Lakini unataka kung'oa mizabibu ya Baba, ile aliyofundishwa kuipogoa na padri wa Bihawana, ili uchore viwanja ishirini kwa ishirini. Na ukaniambia mimi nisiseme, kwa sababu binti haungi neno kwenye shamba, na tena sina hata mtoto wa kumwachia. Uliyasema hayo ukijua Mama anasikia.

Nikueleze vilima hivi vilivyokuwa. Hapa palikuwa pa maskini. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu waliyakimbia mashamba, wakaenda kwenye viwanda vya magari vya Fiat kule Torino, wengine kwenye kiwanda cha chokoleti cha Ferrero pale Alba, kwa sababu zabibu hazikuwalisha. Kuna waliouza kwa bei ya kutupa. Leo hekta moja nzuri ya Barolo inaweza kuuzwa zaidi ya euro milioni moja, na tangu 2014 vilima hivi viko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Wajukuu wa waliouza wanapita barabarani wanatazama. Sisemi Mpunguzi itakuwa Serralunga. Nasema mzabibu ukishang'olewa na nyumba ikasimama, hakuna wa kuurudisha.

Na ugomvi wa nyumba kwa ajili ya mvinyo haukuanza kwetu. Mwaka 1983, pale La Morra, kijana aitwaye Elio Altare aliona baba yake anatengeneza mvinyo kizamani na haumlipi. Akachukua msumeno wa mashine akayakata mapipa makubwa ya mzee, akaleta yale madogo mapya ya Kifaransa ya lita 225. Baba yake akamnyima urithi. Nchi nzima ikagawanyika, vijana na mapipa madogo, wazee na makubwa. Bartolo Mascarello, fundi mzee wa mvinyo wa kijiji cha Barolo, hakukubali pipa dogo kuingia kwake mpaka anafariki mwaka 2005. Mimi niko na Mascarello. Pipa dogo jipya linatia harufu ya vanila juu ya waridi, na mtu akitaka vanila anunue keki. Wengi wa waliobadili wamerudi kwenye makubwa. Lakini Kaka, hata Elio na hasira zake zote aligombana na mapipa, si na mizabibu. Na unajua leo nani anaendesha kwa Altare? Binti yake. Kwa Mascarello? Binti yake. Waitaliano wanavuka nchi kuja kuwasikiliza wanawake hao wakizungumza.

Mama, kuna na marehemu Giulia Falletti, mke wa kabaila wa Barolo, Mfaransa kwa kuzaliwa. Huyu anatajwa miongoni mwa walioifanya Nebbiolo ya hapa iwe mvinyo mkavu wa kukaa miaka, katika karne ya 19. Aliingia magerezani Torino kuwafundisha wanawake wafungwa kusoma, akaanzisha masista wa Mtakatifu Ana, na mwaka 2015 Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa, hatua moja kabla ya Mwenyeheri. Hakujaliwa mtoto. Alifariki 1864 na jina lake bado linatajwa kila mvinyo huu unaposimuliwa. Nilisali kwake usiku ule niliposikia maneno ya Kaka.

Basi neno langu ni hili. Kama shida ni hela, Kaka, sehemu yako nitainunua mimi kwa bei hiyohiyo ya kiwanja, kidogo kidogo, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na Baba Mdogo. Shamba litabaki la Mama maadamu yu hai, na wewe utalima, ukilipwa. Ukikataa, tumwite katekista aliyekuwepo Baba akiaga, aseme alichosikia. Na usiwaze kwamba nataka zabibu nyingi. Huku ikifika Julai tunapita na mkasi tunakata vichala vibichi tunavitupa chini, vile vinavyobaki vipate nguvu, na sheria haimruhusu mkulima kuvuna zaidi ya tani nane kwa hekta. Mama asishtuke. Nataka mistari michache ya Baba itunzwe vizuri, basi.

Krismasi siji, mapipa hayana sikukuu. Nimewakumbuka. Wana ugali wao wa mahindi hapa, wa njano, wanauita polenta, lakini hawana mlenda, na mlenda ndio ninaoota. Wana nyama ya ng'ombe wanayoichemsha saa nyingi kwenye chupa nzima ya Barolo, tamu, nimejifunza kuipika. Siku nikija nitawapikia.

Padri akirudi Januari atakuja na chupa nyingine. Isilale kwenye friji, nusu saa inatosha kwa joto la Dodoma. Ifunguliwe mchana, inywewe jioni. Nunueni mbuzi mwenye mafuta mnada wa Msalato, achomwe na chumvi tu, pilipili msiitie, maana mafuta na nyama ndivyo vinavyoulainisha ukakasi. Mama aanze, tone moja, anuse kabla ya kunywa, kisha Amosi aniandikie alichosema neno kwa neno. Soda iwekwe mbali.

Hela ya nguzo, waya, samadi na dawa ya ukungu natuma mwisho wa mwezi, kwa jina la Mama. Kaka, unijibu kuhusu sehemu yako kabla hujaonana tena na huyo mpimaji.

Mdogo wako na binti yenu,
Neema