Visima jirani na viwanja vya shabaha vipimwe

Mhariri,

Mimi ni fundi visima hapa Ipuli, Tabora. Mchanga wa huku hunywa mvua papo hapo, na uchafu hushuka nayo. Ndiyo maana habari ya kambi ya jeshi ya Camp Edwards, kule Cape Cod, Marekani, inaninyima usingizi. Kemikali ya milipuko iitwayo RDX ilipenya kutoka uwanja wa mazoezi hadi kwenye maji ya ardhini wanayotegemea wananchi, na mwaka 1997 mamlaka ya mazingira ikaamuru mazoezi ya mizinga na risasi yasimame. RDX haishikwi sana na udongo, na ikiyeyuka majini huioni kwa macho.

Wateja wangu huniuliza chumvi tu. Naomba visima vyote vilivyo jirani na viwanja vya shabaha, popote nchini, vipimwe RDX na madini ya risasi, majibu yabandikwe ofisi ya kata.

Fundi visima,
Ipuli, Tabora