Wazee wa kambini wanatuaga kimya kimya

Mhariri,

Babu yangu alikamatwa Nairobi Aprili 1954, katika msako dhidi ya Mau Mau, wapigania uhuru wa msituni, ambao Waingereza waliuita Operesheni Anvil. Alipelekwa kambi ya kizuizini ya Manyani. Hayo aliyasimulia mara moja tu, tena kwa kifupi. Ila hadi uzeeni hakukubali boma lake lizungushiwe seng'enge. Mbuzi wa jirani walikula mahindi yetu miaka yote hiyo.

Aliyesema zaidi ni nyanya. Kijiji chao kilivunjwa, wakakusanywa katika kijiji kipya na kulazimishwa kuchimba handaki lenye vijiti vya ncha kali kukizunguka. Akichimba, mtoto mgongoni. Ajabu, watu huwakumbuka wanaume wa msituni na kuwasahau akina mama hawa.

Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahasiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hizo. Babu alikuwa ameshazikwa, na nyanya hakuwa na karatasi yoyote ya kuthibitisha lolote.

Naomba gazeti lako litenge ukurasa, hata mara moja kwa mwezi, wa simulizi za wazee waliosalia. Nyanya yuko tayari. Asubuhi ndiyo kumbukumbu zake huwa safi.

Mjukuu,
Nyeri