Tangazo lilisema vioo ni orijino: barua ya fundi simu kwa waliomuuzia mzigo

Fundi Simu,
Makoroboi,
Mwanza.

10 Machi 2025

Meneja Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MADAI YA KURUDISHIWA FEDHA ZA MZIGO WA SIMU ZA SPEA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Februari nilinunua kwenu mzigo wa simu mbovu 30: 22 za Samsung Galaxy A51 na nane za iPhone 11, jumla shilingi 2,720,000. Risiti ninayo. Tangazo lenu, ambalo picha yake nimeiambatanisha, lilisema: "Zimekufa bodi, vioo vizima orijino, hazijafunguliwa." Nilitoa hela kwa sababu ya maneno hayo.

Ninyi mnauza simu na mnajua kwa nini fundi anagombania A51 iliyokufa bodi, yaani sakiti kuu ya ndani. Anataka kioo. Kioo chake orijino ni AMOLED, aina inayotoa mwanga wake yenyewe, na kisomeo cha alama ya kidole kimekaa chini ya kioo hicho hicho. Kopi nyingi, yaani vioo vya kuiga, zilizojaa madukani ni LCD, aina inayomulikwa na taa iliyo nyuma yake, na kwa hizo kidole hakisomwi kabisa. Mteja akiwekewa kopi bila kuambiwa, atarudi jioni ile ile na simu mkononi, na atakuwa na haki. Ndiyo maana kioo kilichotolewa kwenye simu mbovu kina bei kubwa kuliko kopi mpya iliyo ndani ya boksi.

Nilivitoa vioo vyote na kuvijaribu kimoja kimoja kwenye bodi nzima ya A51 ninayopimia. Kati ya 22, vioo 15 ni kopi. Ukiweka picha nyeusi na kuzima taa ya chumbani, vinatoa weupe wa taa ya nyuma. AMOLED haina taa ya nyuma, nyeusi yake ni nyeusi. Kidole hakisomwi hata kwenye kimoja kati ya hivyo 15. Ndani ya simu hizo hizo skrubu zimepungua na gundi ya pembeni ni mbichi. Kwa hiyo kuna mtu alizifungua, akachomoa vioo vizuri, akapachika kopi, akazifunga, kisha zikauzwa kama simu ambazo hazijafunguliwa. Simu iliyoharibika kwa mtumiaji haifiki dukani ikiwa hivyo.

Nilipopiga simu, kijana wenu wa mauzo alinijibu kwamba mzigo wa mabovu hauna garantii, ukishanunua umenunua. Jibu hilo silikubali. Sikudai simu ziwake. Nilijua zimekufa, na bei niliyolipa ni ya simu zilizokufa. Ninachodai ni kile kilichoandikwa kwenye tangazo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, iwe mpya au chakavu. Wateja walionilipa malipo ya awali ya vioo orijino nimewarudishia hela zao. Wengine wameshahamia kwa mafundi wengine, na sina cha kuwalaumu.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito kuliko hasara hiyo. iPhone moja, ambayo mlisema bodi imekufa, iliwaka nilipoibadilishia betri. Kwenye kioo ulitokea ujumbe wa mwenyewe kwamba simu imepotea, pamoja na namba ya kumpigia. Simu hiyo nimeikabidhi kituo cha polisi na kuandikisha maelezo. Nikazikagua zilizobaki. iPhone 11 huwa na IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, iliyochapwa kwenye trei ya laini, lakini tano hazina trei. Simu ikiwa imekufa na trei haipo, nitajuaje ni ya nani? Kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu, na askari akiingia kibandani kwangu anayeulizwa ni mimi niliye na simu mezani, siyo ninyi mlio Dar es Salaam. Ninaishi kwa kazi hii na watu wa mtaa huu wananiachia simu zao kwa kuniamini. Mmeniweka mahali pabaya sana.

Betri tatu zilizovimba zilikuwa zimefungwa humo humo na kusafirishwa kwenye buti ya basi la abiria hadi stendi ya Nyegezi, Mwanza. Hilo msilirudie kwa mteja yeyote. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto.

Naomba mnirudishie shilingi 1,200,000 za simu 15 za A51 zenye kopi, kwa bei ya shilingi 80,000 kila moja, na shilingi 960,000 za iPhone zote nane. Hizo simu 15 za A51 nitazirudisha kwa gharama yenu. iPhone saba nilizobaki nazo sitazirudisha kwenu kabla polisi hawajaamua la kufanya. Naomba pia maandishi yanayoonyesha mlizinunua wapi na orodha ya IMEI zake, kwa sababu polisi wameniuliza na sina cha kuwaonyesha.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipofika, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na picha, risiti na video ya kila kioo kikipimwa.

Wenu mteja,

Fundi Simu, Makoroboi