Mume wangu hasimamishi gari njiani, na mama mkwe ameniachia siri

Mheshimiwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Adelaide, Australia ya Kusini, ambako mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tumeishi kwa miaka tisa sasa. Ninakuandikia kwa sababu wiki tatu zijazo, shule zitakapofungwa kwa likizo ya Julai, mume wangu amekusudia kutupeleka Perth kwa gari, safari ya kilomita zipatazo 2,700, akiwa amempakia mama yake mzazi mwenye umri wa miaka 71, na katika nyumba hii ni mimi peke yangu ninayejua kwa nini safari hiyo haifai kwenda kwa namna anavyoitaka yeye. Nikilisema ninalolijua nitakuwa nimevunja ahadi, na nikilinyamazia naogopa litatufika jangwani.

Naomba kwanza umfahamu mume wangu, maana bila hivyo utamdhania kuwa ni mkaidi tu. Kabla hatujahamia huku alikuwa dereva wa semi kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka kumi na mmoja. Njia hiyo, ambayo ni zaidi ya kilomita 900 kwa upande mmoja, aliijua kama mtu anavyoijua kona ya chumba chake gizani: mizani ipi ina foleni usiku, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinunuliwe kwa nani, na gia gani ya kuteremkia Kitonga ukiwa na mzigo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumpakia mtoto wake wala mama yake, kwa kuwa gari halikuwa lake na mzigo haungoji mtu. Leo anafanya kazi ghalani, anaendesha mashine ya kupanga mizigo kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na nadhani ni nyuma ya usukani wa gari letu la viti saba tu ndipo anapojiona kuwa yeye ni yule yule. Kwa hiyo kila likizo ni safari. Tumeshakwenda Great Ocean Road, barabara ya pwani ya jimbo la Victoria yenye kilomita 243, ambayo askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza waliichimba kwa sururu na koleo kuanzia mwaka 1919 hadi 1932, na ile minara ya mawe iliyosimama baharini, ambayo watu hutoka pembe zote za dunia kuja kuitazama, sisi tuliitazama kwa dakika kumi na mbili. Nilihesabu. Anachokipenda mume wangu ni mwendo wenyewe, na kusimama, kwake yeye, bado ni kuuchelewesha mzigo.

Miaka miwili iliyopita, katika likizo ya mwanzoni mwa Oktoba, tulielekea Coober Pedy, mji wa wachimba vito vya opali ulioko kilomita kama 850 kaskazini mwa Adelaide, ambako wakazi wengi wanaishi katika nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba ili kulikimbia joto. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameahidiwa kulala chini ya ardhi, na kwa mwezi mzima hakuwa na hadithi nyingine. Tulifika Glendambo alasiri imekwisha. Nilimwomba mume wangu tulale pale, kwa kuwa mbele yetu kulikuwa na kilomita zipatazo 250 zisizo na kituo cha mafuta hata kimoja, na huku kila mtu atakuonya usiendeshe wakati jua linazama, saa ambazo kangaruu hutoka kula majani ya kando ya lami. Alinijibu kwamba yeye amepita Mikumi usiku, penye tembo.

Tembo unamwona tangu mbali. Nilichokiona mimi ni kitu cha kijivu kikiwa tayari hewani upande wa kushoto, kisha mshindo, kisha mvuke mweupe ukifumuka kwenye boneti pamoja na harufu tamu ya maji ya rejeta. Taa ya kushoto ilikuwa imebonyea hadi ndani. Mnyama alikuwa bado anapigapiga mguu mmoja kwenye changarawe, polepole, kama mtu anayetwanga huku anasinzia, na binti yangu alikuwa akiyahesabu mapigo hayo kwa sauti mpaka nilipomziba macho. Simu zetu hazikuwa na mtandao. Tulikaa gizani saa mbili na nusu kabla ya dereva wa lori lenye matrela matatu kusimama na kutuitia msaada kwa redio yake. Gari lilivutwa hadi Port Augusta kwa gharama ambayo ingetutosha sote kwa tiketi za ndege, ada ya bima ikapanda, na mwanangu hajalala chini ya ardhi hadi leo, jambo analolikumbusha kila anapotaka kununuliwa kitu. Mume wangu naye alipata funzo lake: alinunua chuma kinene cha kukinga bampa.

Sasa nije kwa mama mkwe. Alifika mwanzoni mwa Mei kutoka Tanga kwa viza ya matembezi ya miezi mitatu, na tangu siku ya kwanza amekuwa mgeni asiye na uzito wowote. Anakula kilichopo, anacheka na watoto, na hasemi kuwa ana baridi mpaka umguse mikono. Ana presha na sukari, na anameza vidonge. Mwisho wa wiki mrefu wa Juni tulimpeleka Mount Gambier, kilomita kama 435 kutoka hapa, kuona Blue Lake, ziwa lililomo ndani ya kreta ya volkano, ambalo kila kiangazi hugeuka buluu kali na kila majira ya baridi hurudia rangi ya kijivu. Watoto walimsimulia bibi yao habari za buluu hiyo njia nzima, wakasahau kwamba ni Juni. Alilitazama kwa adabu, akasema ni zuri sana, limemkumbusha bwawa la Mabayani.

Tulisimama mara moja tu, katika mji wa Keith, kujaza mafuta. Usiku ule katika chumba cha wageni nilimsaidia mama kuvua soksi, nikakuta mpira wake umezama katika nyama kama uzi uliofungwa kwenye unga uliokandwa, na nilipobonyeza kidole juu ya kifundo, shimo lilibaki pale pale. Midomo ilikuwa imekauka. Chupa ya maji niliyompa asubuhi ilikuwa imejaa vile vile, haijafunguliwa, na nilipomuuliza sababu alicheka kidogo akaniambia: «Mwanangu, maji yanataka choo, na choo kinataka gari lisimame. Mimi nimwambie mtoto wa kiume kila saa kwamba nataka kujisaidia?» Kisha akanieleza, kana kwamba ni ujanja wa kujivunia, kwamba kidonge kimoja cha presha, kile kinachomwendesha haja ndogo, hakukimeza siku ile. Na hakuwa na nia ya kukimeza siku yoyote ya safari. Akanishika mkono. «Hili libaki baina yangu na wewe.» Nikasema ndiyo, mama. Ungekuwa wewe ungesema nini, ukiwa umepiga magoti umeshika mguu wa mama mkwe wako?

Hata sala haimpi sababu ya kuomba gari lisimame, kwa kuwa dini imemwekea msafiri wepesi wa kujumuisha na kupunguza, na mama anautumia wepesi huo wote.

Mpango wa Perth, ambako anaishi mdogo wake mume wangu, ni huu. Siku ya kwanza ni Adelaide hadi Ceduna, kilomita kama 780. Siku ya pili ni Ceduna hadi Norseman, kilomita zipatazo 1,200, kukatisha uwanda wa Nullarbor ambao jina lake lenyewe kwa Kilatini maana yake ni mahali pasipo na mti. Siku ya tatu tunaingia Perth. Ukomo wa mwendo ni kilomita 110 kwa saa, na mchana wa Julai una saa kumi tu, kwa hiyo hata asiyejua hesabu ataona kwamba siku ile ya pili haiwezi kwisha kabla ya giza. Mume wangu hujibu kwamba tukielekea magharibi tunaongezewa saa moja na nusu, na ni kweli. Watoto wamefurahishwa sana kusikia kwamba vijiji vichache vya karibu na mpaka, Eucla kikiwemo, vina saa yao wenyewe, dakika 45 nyuma ya Adelaide na dakika 45 mbele ya Perth. Lakini kangaruu hawavai saa.

Vituo vya njiani vimeachana, kwingine kwa karibu kilomita 190, na msafiri anatakiwa abebe maji yake ya kunywa. Kuna kipande kati ya Balladonia na Caiguna kilichonyooka kilomita 146.6 bila kona hata moja, na mume wangu hukitaja kwa dharau, anasema barabara ya namna hiyo hata mtoto angeiendesha. Mimi naona kinyume chake, kwamba Kitonga ilikuwa ikimweka macho na huku hakuna cha kumwamsha. Nilipomuuliza mama akizidiwa itakuwaje, alinionyesha picha za alama zilizopakwa juu ya lami, sehemu ambazo barabara kuu hutumika kama uwanja ili ndege za madaktari zitue kumchukua mgonjwa. Alidhani ananituliza. Sikulala usiku ule.

Ungeweza kusema nimpandishe mama ndege, kwa kuwa ni mwendo wa saa tatu na kitu tu hadi Perth, mume wangu na watoto wafuate kwa gari. Nimeligusia jambo hilo mara moja mbele ya wote wawili, na aliyelikataa haraka zaidi ni mama mwenyewe. Baba yake alikuwa mvuvi, na amesikia kwamba kuanzia Juni nyangumi huja kuzaa chini ya majabali ya Head of Bight, karibu kabisa na njia yetu, kiasi kwamba mtu anawaona mama na ndama akiwa amesimama juu. Hiyo ndiyo sababu anayoisema kwa sauti. Ile nyingine aliniambia jikoni, kwamba kwa miaka kumi na mmoja mwanawe alikuwa barabarani na yeye hata honi yake hakuwahi kuisikia, na sasa Mungu amempa nafasi ya kukaa kiti cha mbele. Ukishasikia neno kama hilo, tiketi ya ndege inakuwa nzito mkononi.

Nimezungumza na mume wangu faraghani mara mbili. Nilipendekeza siku tano badala ya tatu, tulale pia katika vituo vya Nullarbor na Caiguna, tusimame kila baada ya saa mbili, na saa kumi alasiri gari liwe limeegeshwa. Hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema: «Mama hajalalamika hata mara moja. Anayelalamika ni wewe.» Kwa anachokijua yeye hakukosea, na hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu kitu pekee cha kumjibu nimefungwa nisikiseme. Nikimweleza, ataona aibu mbele ya mama yake, na mama ataona aibu mara mbili zaidi, na namjua mume wangu, hataweza kukaa nalo. Atamwendea siku hiyo hiyo kumwomba radhi, na mama atajua nani kasema.

Nimewaza kudanganya kwamba ni mimi mwenye tatizo la haja ya mara kwa mara, nikaomba kusimama kila mahali na kila mara nikamvuta mama anisindikize. Nakiri kwamba njia hii inanivutia, ila haitamfanya ameze kidonge chake wala haitapunguza zile kilomita 1,200. Nimewaza pia kumpeleka kwa daktari kabla ya safari ili neno litoke kwake. Mama hajui Kiingereza. Mwanawe akiwa ndiye mkalimani atasema yuko salama kabisa, na nikiwa mkalimani mimi, mume wangu atasema nimeyatia chumvi. Kumhusisha shemeji wa Perth sikutaka, maana ameshaagiza mbuzi na anamwambia kila mtu kwamba kaka yake anakuja kwa mwendo wa siku tatu.

Ninachokuomba unishauri ni kama ahadi niliyompa mama bado inanifunga ilhali inamzuia dawa, na kama hainifungi, nianzie kwa nani. Je, nirudi kwake kwanza nimwambie kwamba nitamweleza mwanawe, nimpe nafasi ya kukataa, au nimweleze mume wangu kwa namna ambayo hatalazimika kumwonyesha mama kwamba anajua? Kama wewe au wasomaji wako mmewahi kusafiri masafa marefu na mzazi mwenye haya ya namna hii, ningependa sana kusikia mlivyofanya. Vyumba vya Ceduna na Norseman havijalipiwa bado, na mume wangu amesema atavilipia Jumamosi ijayo, akishalipwa mshahara.

Wako katika heshima,
Mke wa Dereva,
Adelaide